Fungu la Mnara au Chungu cha Wote? Mjadala wa Kugawa Chaneli za Simu

Masafa ya redio hayapungui kwa kutumiwa kama yapunguavyo maji ya kisima; simu ikishakatwa, masafa yaliyoibeba hubaki mazima kama yalivyokuwa kabla ya mtu kusema "haloo". Hata hivyo serikali huyahesabu miongoni mwa rasilimali adimu, huyagawa kwa leseni na kuyatoza fedha nyingi, kwa sababu mazungumzo mawili hayawezi kupita katika masafa yale yale, mahali pale pale na kwa wakati ule ule bila kuharibiana. Kampuni ya simu iliyopewa kipande chake cha masafa hukikatakata kuwa chaneli, yaani vipande vyembamba ambavyo kila kimoja chatosha kubeba mazungumzo ya mtu na mwenzake, kisha hulazimika kujibu swali lililowagawa wahandisi kwa zaidi ya nusu karne: chaneli hizo zigawanywe vipi baina ya minara?

Mjadala unaofuata umepewa sauti tatu. Mpimaji ni yule anayeamini kwamba kila mnara upewe fungu lake mapema, kwa ramani, na usiguse la jirani. Mkopaji anashikilia kwamba chaneli zisiwe mali ya mnara wowote, zikae katika chungu kimoja, zichotwe pale zinapohitajika na kurudishwa zikimaliza kazi. Bi Mhasibu hana upande. Kazi yake ni kuhesabu, na mwenye kuhesabu, kama ijulikanavyo, hapendwi na yeyote kati ya wawili wanaogombana.

MPIMAJI: Kabla ya kuulaumu mgao wa ramani, inafaa kukumbuka hali iliyoutangulia. Katika jiji la New York mwaka 1976, huduma ya simu za garini ilikuwa na chaneli 12 kwa jiji zima, kiasi kwamba mtu wa kumi na tatu aliyetaka kuzungumza hakuwa na budi kumngoja mmoja wa wale kumi na wawili amalize. Wateja waliounganishwa hawakufika 600, na waliokuwa katika orodha ya kusubiri walikuwa wapatao 3,700. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imeandikwa tangu Desemba 1947, pale Douglas Ring wa maabara za Bell, akisaidiwa na Rae Young, alipopendekeza katika waraka wa ndani kwamba mtambo mmoja wenye nguvu nyingi uachwe, iwekwe mitambo midogo mingi, kila mmoja ukihudumia eneo dogo linaloitwa seli, na chaneli iliyotumika katika seli moja itumike tena katika seli nyingine iliyo mbali vya kutosha.

MKOPAJI: Kutosha huko kunapimwa kwa kipimo gani, Bwana Mpimaji? Maana "vya kutosha" ya mtu mmoja ni dhiki ya mwingine.

Mpimaji hakuudhika na swali hilo, kwa kuwa ndilo alilokuwa akilingoja. Alieleza kwamba seli huchorwa kwa umbo la pembe sita, mfano wa sega la nyuki, ingawa mawimbi hayana pembe hata moja. Umbo hilo limechaguliwa kwa sababu linaijaza ramani bila kuacha pengo na linakaribiana na duara. Mjini, ambako nyumba na kuta humeza mawimbi, ukiongeza umbali mara mbili nguvu ya mawimbi hubaki takriban sehemu moja ya kumi na sita. Basi chaneli zote zikigawanywa mafungu saba, kila seli katika kundi la seli saba ikapewa fungu lake, na kundi hilo likarudiwa kama ua la kanga linavyorudiwa mpaka pindo, seli mbili zenye fungu moja zitatengana kwa takriban mara 4.6 ya umbali wa kutoka mnarani hadi ukingoni mwa seli. Mtu aliyesimama ukingoni hapo ataupata mnara wake kwa nguvu inayozidi jumla ya kelele za minara sita ya mbali kwa mara 70 hivi. Mtandao wa analogi wa Marekani, uliofunguliwa kwa biashara Chicago tarehe 13 Oktoba 1983, ulihitaji uwiano wa mara 63, yaani desibeli 18, ili sauti isikike safi. Kundi la seli nne lingetoa mara 24 tu, ambazo hazikutosha. Saba, kwa hiyo, haikuchaguliwa kwa baraka ya namba.

MKOPAJI: Hesabu hiyo haipingwi. Kinachopingwa ni dhana iliyojificha ndani yake, kwamba watu watakaa walipochorwa. Kariakoo saa sita mchana imefurika wauzaji na wanunuzi, na usiku wale wale wako Mbagala na Gongo la Mboto wakiwapigia jamaa zao. Fungu la mnara wa Kariakoo, hata hivyo, haliwezi kupanda daladala likawafuata. Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na siku ya Simba na Yanga viti hivyo hujaa, ilhali siku nyingi za juma waliopo ni walinzi na wakata nyasi. Mgao wa ramani ukikadiriwa kwa siku ya mechi, chaneli zitalala bure mwaka mzima. Ukikadiriwa kwa siku ya kawaida, mechi itakuwa karaha. Na aibu yake kubwa ni kwamba mnara mmoja huweza kuwakatalia watu huku mnara wa jirani una chaneli kumi zisizo na kazi.

Hapo ndipo Bi Mhasibu alipoomba nafasi, akasema kwamba aibu hiyo ina namba zake na zilitafutwa kabla simu za mkononi hazijazaliwa. Agner Krarup Erlang, Mdenishi aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni inayoeleza ni wapigaji wangapi watakataliwa ikiwa idadi ya laini na wingi wa simu vinajulikana. Kipimo cha wingi huo hubeba jina lake: chaneli moja ikishughulishwa saa nzima bila kupumzika, hiyo ni erlang moja, na watu 100 wakizungumza dakika tatu kila mmoja ndani ya saa hiyo, jumla yao ni erlang tano.

BI MHASIBU: Kampuni ikikubali kuwakatalia wapigaji wawili katika kila mia, chaneli 10 huweza kupokea mzigo wa erlang 5.08. Wengi hudhani kwamba chaneli 20 zitapokea mara mbili ya hapo, yaani 10.16, lakini kanuni inatoa 13.18. Chaneli ni zile zile, wapigaji ni wale wale, na tofauti imetoka katika kuchangia tu, kama wageni ishirini wanaokula katika sinia moja la pilau badala ya kugawiwa sahani, ambapo mwenye njaa hula alichokiacha aliyeshiba na wali hauendi kutupwa. Kila anayegawa chungu kimoja kuwa vyungu vidogo hupoteza kitu, hata kama kila chungu kimepewa haki yake kamili.

Kisha, bila kuombwa, akaigeukia Chicago. Kila moja ya kampuni mbili zilizoruhusiwa katika mji wa Marekani ilipewa chaneli 333, kati ya hizo 21 zikiwa za uongozi, yaani za kuita simu na kupanga mazungumzo, na 312 zikabaki kwa maongezi. Ukizigawa kwa saba, seli moja hupata 44 au 45. Chaneli 45 hupokea erlang 35.6. Wahandisi waliotaka kupunguza mwingiliano, yaani kelele ambayo chaneli moja huitia chaneli ya namna yake iliyo mbali, waliigawa seli katika pande tatu kwa antena zinazoelekea upande mmoja mmoja, kila upande ukapata chaneli 15, na chaneli 15 hupokea erlang 9.01. Pande tatu kwa pamoja hupokea 27. Robo nzima ya uwezo, karibu, imeliwa na mipaka.

MKOPAJI: Basi Bi Mhasibu amemaliza kesi. Mipaka iondolewe.

BI MHASIBU: Hajamaliza. Amesema tu kwamba mipaka ina gharama. Hajasema ukosefu wa mipaka ni bure.

Mkopaji alianza na pendekezo la wastani, na kwa haki ya kusema kweli, ndilo lililokuwa bora kati ya aliyoyatoa. Kila seli, alisema, ibaki na fungu lake kama atakavyo Mpimaji, lakini ikijaa iruhusiwe kukopa chaneli moja ya jirani iliyo tupu, na iirudishe mazungumzo yakiisha. Mkopo huo hauhitaji ramani mpya wala mnara mpya. Unahitaji kompyuta inayojua ni chaneli zipi zinatumika wapi.

MPIMAJI: Mkopo upo, lakini mdai si mmoja. Chaneli ya jirani ni pia chaneli ya seli nyingine zilizo mbali, na umbali wao ulipimwa kutoka kwa jirani, haukupimwa kutoka kwa anayekopa. Katika kundi la seli saba, seli inayokopa kwa jirani wa ubavuni huisogeza chaneli hiyo karibu mno na seli nyingine mbili zenye fungu lile, kwa hiyo chaneli hiyo hufungwa katika seli tatu: aliyekopesha na wawili ambao hawakuulizwa. Mtu mmoja amezungumza na nafasi tatu zimefungwa. Saa ambayo mtandao una utulivu, kufunga huko hakumuumizi mtu. Saa ya msongamano, wale wawili waliofungiwa nao watajaa, nao watakopa, na kila mkopo utafunga seli tatu, mpaka eneo zima liwe linadaiana huku likikatalia wateja.

MKOPAJI: Hayo ni madhara ya kukopa nusu nusu. Ondoa mafungu kabisa. Chaneli zote ziwe katika chungu cha mji mzima, na kila simu inapoingia ipewe chaneli yoyote ambayo haitumiki ndani ya umbali wa usalama.

Jibu la Mpimaji kwa hoja hiyo ndilo linalostahili kukaliwa muda mrefu, kwa sababu haliingii akilini mara moja. Watu wakikaribishwa kwenye jamvi refu la khitma na kila mmoja akakaa apendapo, mwanzoni hakuna shida, na kwa hakika ni raha zaidi kuliko kuoneshwa pa kukaa. Lakini kadiri wanavyoongezeka, kati ya mgeni na mgeni hubaki mapengo ambayo ni makubwa mno kupuuzwa na madogo mno kukaliwa. Jamvi limejaa, na nafasi bado ipo, imetawanyika tu. Mkaribishaji aliyewapanga bega kwa bega tangu mwanzo huingiza watu wengi zaidi katika jamvi lile lile. Ndivyo ilivyo kwa chaneli. Ramani ya seli saba huziweka seli zinazotumia chaneli moja katika umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa, bila hata hatua ya ziada, ilhali chungu cha wote huziangusha mahali popote simu zilipotokea kuingia, na umbali kati yao kwa wastani huzidi ule uliohitajika. Donald Cox na Douglas Reudink wa maabara za Bell walilichunguza jambo hili kwa kuigiza mitandao ndani ya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka zaidi ya kumi kabla ya Chicago kufunguliwa, na walichokiona kimethibitishwa mara nyingi baadaye: mgao badilifu, ule wa chungu cha wote, hushinda pale mzigo unapokuwa mwepesi au usiolingana, na mgao wa ramani hushinda pale mzigo unapokuwa mzito na umeenea kila mahali.

MKOPAJI: Wageni waweza kusogezwa. Mazungumzo yanapoisha, yale yanayoendelea yahamishwe chaneli ili mapengo yazibwe, na mwenye simu asijue kwamba amehamishwa.

BI MHASIBU: Anayesogeza wageni naye anakula. Kila uhamisho ni amri zinazopita kati ya minara na kompyuta inayoiongoza, na uwezo wa kuzipitisha na kuzishughulikia amri hizo nao una mwisho.

Hapa Mpimaji alitaka kujivuna, lakini ilibidi akubali jambo moja ambalo watetezi wa ramani hawapendi kulitaja. Sega la nyuki ni mchoro wa vitabuni. Mji halisi una vilima, maghorofa, bahari inayosafirisha mawimbi mbali kuliko ilivyotarajiwa, na minara iliyowekwa pale mwenye kiwanja alipokubali. Katika mji wa namna hiyo, kugawa chaneli huwa sawa na kupaka rangi ramani ambayo seli zinazosikiana haziruhusiwi kufanana rangi, na katika seli za simu husikiana hata zile zisizopakana, kwa hiyo ile kanuni ya rangi nne, iliyothibitishwa mwaka 1976 kwa ramani za nchi, haisaidii kitu. Kutafuta idadi ndogo kabisa ya rangi ni miongoni mwa matatizo ambayo hakuna njia inayojulikana ya kuyatatua kwa hakika na kwa haraka yanapokuwa makubwa. Mpangaji wa kweli hutafuta jibu zuri, akaacha kulitafuta lililo bora kabisa.

MKOPAJI: Ikiwa ramani nayo ni makisio, kwa nini simu zenyewe zisisikilize na kuchagua? Simu za nyumbani zisizo na waya, zile za Ulaya za mtindo wa DECT, zina chaneli 120, na hakuna aliyezichorea ramani. Kila simu hupima chaneli zote, hushika ile yenye ukimya zaidi, na ikianza kusumbuliwa huhamia nyingine. Majirani wawili katika ghorofa moja hawahitaji kujuana wala kuandikiana barua.

MPIMAJI: Nguvu ya simu hizo ni ndogo, na wanaozungumza kwa pamoja katika ghorofa ni wachache. Huo ndio mzigo mwepesi ambao tayari umekubaliwa kuwa ni wa Mkopaji.

Bi Mhasibu aliona kwamba wawili hao wamegombania mlango mmoja na kuusahau mwingine. Wote walihesabu waliokataliwa walipopiga, lakini hakuna aliyehesabu waliokatiwa katikati ya mazungumzo. Mtu aliye ndani ya basi huvuka kutoka seli moja hadi nyingine, na mnara anaouacha humkabidhi kwa mnara anaouingia. Mnara huo wa pili ukiwa hauna chaneli tupu, mazungumzo hufa. Kukataliwa ni kero, kukatiwa ni kero kubwa zaidi, na ndiyo maana seli nyingi huweka akiba ya chaneli chache ambazo wapigaji wapya hawapewi hata zikiwa tupu, zikingojea wanaovuka. Akiba ikiwa kubwa, wasafiri wanastareheka na wakazi wanakataliwa; ikiwa ndogo, kinyume chake. Hili halina jibu la kihandisi peke yake, kwa kuwa ni uamuzi wa nani atangulizwe, na kwa maoni ya mwandishi wa mjadala huu ndipo neno "mgao" linapostahili uzito wake.

BI MHASIBU: Na kuna wanaopita mlango wa nyuma. Katika mtandao wa kidijitali wa GSM, ujumbe mfupi husafiri katika chaneli za uongozi, hauhitaji chaneli ya maongezi, ndiyo sababu ujumbe hupenya wakati simu imekataa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, maagizo ya kutuma fedha yalipita katika njia hiyo hiyo nyembamba.

Ujio wa GSM uliubadilisha mjadala bila kuumaliza. Sauti iliyogeuzwa kuwa tarakimu huvumilia kelele zaidi, hivyo uwiano wa mara 63 ulishuka hadi mara 8 hivi, na makundi ya seli nne au hata tatu yakawezekana. Simu ikaweza pia kurukaruka kati ya masafa mara 217 kwa sekunde, ili kelele ya jirani isimkae mtu mmoja muda wote, igawanywe kwa wote kidogo kidogo. Mitandao ya 3G ikaenda mbali zaidi, kila seli ikatumia masafa yote, wazungumzaji wakitenganishwa kwa misimbo. Mkopaji alidai ushindi. Katika 4G, alisema, masafa ya megahezi 20 hukatwa vipande 100, na mnara huamua upya kila milisekunde moja nani apate kipande kipi. Mwenye bando anayepakua video hupewa vingi, anayesoma hapewi kitu mpaka aguse ukurasa mwingine, na hakuna fungu la mtu.

MPIMAJI: Ndani ya mnara, kweli, chungu ni kimoja. Lakini muulize aliye ukingoni mwa seli. Kwa kuwa jirani naye anatumia masafa yale yale, ukingoni kelele hulingana na sauti, na kasi huanguka. Dawa iliyotumika ni ipi? Minara hupashana habari, na walio karibu na mnara huachiwa masafa yote, ilhali walio ukingoni hutengewa sehemu ambayo jirani hataigusa, au ataigusa kwa nguvu ndogo. Hiyo ni ramani ya mafungu, imerudi kwa mlango wa pembeni.

Mkopaji hakujibu mara moja, na alipojibu alisema kwamba sehemu hiyo yenyewe inaweza kubadilishwa kufuata saa, jambo ambalo Mpimaji hakulikataa. Bi Mhasibu aliandika hukumu fupi: katikati ya seli ni pa Mkopaji, ukingoni ni pa Mpimaji, na mtandao unaotumia kanuni ya mmoja wao peke yake utawalipisha wateja wake kwa kukataliwa au kwa kukatiwa.

Msomaji atakayekuwa uwanjani siku ya Simba na Yanga, akaona vijiti vyote vya mtandao vimesimama kwenye simu yake na bado simu haitoki, asidhani kwamba kifaa chake kina hitilafu. Vijiti hupima nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Havihesabu nafasi zilizobaki. Ajaribu ujumbe mfupi.